Samaki wa euro 96 Venice, na maneno ambayo weita alidhani mama hayasikii

Hii kitu nimekaa nayo rohoni wiki kadhaa sasa, kila nikikumbuka naungua upya, wacha niandike tu.

Sisi ni watu wa Malindi. Wataliano wamekuwa kwetu tangu enzi za San Marco, ule mradi wa kurusha roketi pale Ngomeni miaka ya 60, na mama yangu amewapikia majumbani mwao miaka zaidi ya 20. Tagliatelle, zile tambi zao bapa, anakata kwa mkono wake, na Kitaliano anakijua kuliko mimi niliyekiokota bichi. Juzi juzi hapa dadangu anayefanya kazi Padova, kule Italia, akatualika, siku moja yeye akiwa kazini nikampandisha mama treni mpaka Venice, nikasema leo mama unakaa chini unapikiwa wewe.

Tukaingia trattoria moja karibu na daraja la Rialto, yale mahoteli yao ya kifamilia, vitambaa vyeupe, picha za babu ukutani. Jina sitaji. Mama akataka branzino wa kuchoma, menyu imeandika 8. Chini yake kwa herufi za sisimizi, l'etto. Etto ni gramu 100 jamani, yaani hiyo 8 si bei ya samaki, ni bei ya kipande cha samaki, na mimi hilo nilikuwa nalijua, sikudanganywa hapo. Weita akatuletea samaki mbichi kwenye sinia tumwone, jicho linang'aa. Mama akafanya kile anachofanya kila asubuhi wavuvi wakitua, akanyoosha kidole afunue matamvua aone kama ni mekundu. Yule kijana akavuta sinia! Akaivuta kama vile mama ana mkono mchafu, halafu anaondoka zake anamwambia mwenzake kwa sauti ya kawaida kabisa, "questi prendono un piatto in due", hawa watachukua sahani moja wale wawili. Mwenzake akacheka.

Nilitaka kusimama. Mama akanishika mkono chini ya meza akaniambia, "Nyamaza mwanangu, tule kwanza." Na kweli ndiyo sahani moja tulitaka, samaki mmoja mzima na viazi, kwani kuna ubaya gani? Kwao wenyewe samaki mzima huagizwa wa watu wawili, hata Malindi nimewaona wakila hivyo kila siku.

Sasa niseme ukweli wangu, maana sitaki kumsingizia mtu, yule samaki alikuwa mtamu. Mafuta ya zeituni, chumvi, limau, basi, ngozi imekauka vizuri na nyama haikukauka. Mama alikula mpaka shavu la kichwa akanyamaza, na mama akinyamaza kwenye chakula cha mtu mwingine ujue amekubali. Nikaanza kupoa, nikawaza labda yule kijana ameamka vibaya.

Bili ikaja. Coperto euro 3 kila mtu, hiyo ni desturi yao ya meza na mkate sina neno nayo, divai ya nyumba nusu lita, maji, viazi, halafu samaki 96. Kilo moja na gramu 200! Hela kama 14,000 za kwetu, kwa samaki ambaye hakuna mtu aliyempima mbele yetu. Mama akavaa miwani, akasoma pole pole, akamwita weita, akamwambia kwa Kitaliano kilichonyooka kwamba samaki hupimwa mbele ya mteja, na huyu hakuzidi gramu 800, "tangu asubuhi hadi jioni mimi nashika samaki." Yule kijana akabadilika rangi. Si kwa sababu ya mizani, ni kwa sababu alikuwa anarudisha kichwani kila alichosema tangu tuingie.

Mwenye hoteli akatoka jikoni, wakanong'onezana, akachukua kalamu akakata 96 akaandika 64. Piga hesabu mwenyewe, 64 ndiyo gramu 800 kamili. Kumbe walikuwa wanajua!

Nikaapa sitakula tena Venice, lakini mama akasema ana hamu ya kuonja baccalà, tukaenda mpaka mtaa wa Cannaregio, kibaa kimoja kidogo watu wamesimama mlangoni na glasi zao, wao wanaita bacaro. Divai ndogo inaitwa ombra, yaani kivuli, unachukua na vipande vya mkate vyenye vitu juu, kila kimoja euro 2. Baccalà ni samaki mkavu kutoka Norway, analowekwa, anachemshwa, anapigwa na mafuta mpaka anakuwa laini kama krimu, na mama akafunga macho akasema huyu ni ndugu wa papa wetu. Mzee wa pale akamsikia anaongea Kitaliano, akamwita signora, akamwita na mkewe atoke jikoni, wakabishana kuhusu kitunguu saumu karibu nusu saa. Hao ningewapa nyota zote ningekuwa nazo. Kwa hiyo Venice nendeni, kaeni baa za kusimama, na trattoria nazo si zote, ila mkiona l'etto ombeni mizani iletwe mezani kabla samaki hajaguswa na moto.

Lakini ile ya Rialto bado inanikaa kooni. Mwenye hoteli alituomba radhi kwa "kosa la hesabu", na radhi yenyewe aliniomba mimi, akaniangalia mimi, mama amesimama hapo hapo anafunga mkoba wake, yeye ndiye aliyetukanwa na yeye ndiye aliyemshika. Na yale maneno ya sahani moja hayakutajwa na mtu yeyote.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimewawekea nyota tatu kwa ajili ya yule samaki. Nimeondoa mbili.