Mam Tor, Peak District: uzoefu wangu (na wa mama mkwe)

Naanza na nyota kabisa ili asiyetaka kusoma yote aende zake: 4 kati ya 5. Kilima chenyewe kingechukua zote, hiyo moja nimeikata kwa sababu ya magari na kwa sababu ya chai ya kule chini, nitaisema mbele.

Mam Tor iko Derbyshire, katikati ya Sheffield na Manchester, ndani ya Peak District ambayo ndo hifadhi ya taifa ya kwanza Uingereza, tangu 1951. Urefu wake mita 517. Najua mshaanza kucheka. Mama mkwe wangu naye alicheka, yeye kwao Lushoto, mita 517 kwake ni kama ndo kwanza gari imetoka Mombo haijaanza hata kona. Alikuja kutusalimia, mume wangu yuko na shifti zake, nikasema siwezi kumfungia mama wa watu kwenye fleti akiangalia dirisha, twende mlimani. Akaniambia mwanangu kama ni mlima kweli nitaujua, tusidanganyane.

Sasa usafiri. Watu wetu wengi huku wakisikia kilima wanawaza gari, mimi nasema treni na sirudi nyuma kwenye hilo. Kuna reli ya Hope Valley inapita humohumo bondeni kati ya Sheffield na Manchester, ipo tangu 1894, unashuka kijiji cha Edale, toka Sheffield ni nusu saa na kidogo. Ukienda na gari kuna paking ya National Trust (shirika linalotunza maeneo ya asili na majengo ya kale) pale Mam Nick, karibu kabisa na kilele, ukipaki hapo unapanda ngazi za mawe kama dakika 20 hivi umefika, kwa mtu mwenye magoti mabovu au watoto wadogo hiyo ndo njia. Tatizo wikiendi yenye jua inajaa mapema, halafu watu wanaanza kupanda na magari yao kwenye nyasi pembeni, tairi nusu lami nusu matope, basi halipiti, trekta la mkulima halipiti, na tangu hizi video fupi za mawio na machweo zishike kasi ndo imekuwa vurugu hata asubuhi za baridi kali. Sisi tulikuwa tunatembea tunawapita wamekaa ndani ya magari wanapiga honi.

Toka Edale njia inapita kwenye mashamba ya watu, na hapa ndo burudani ilianza. Tumefika geti la kwanza, geti la mbao lina komeo la chuma la kusukuma, mama kasimama. "Hapa ni kwa mtu. Tubishe hodi." Nikamwelezea kwamba hii ni njia ya umma kisheria, kuna kibao pale, mwenye shamba hawezi kukuzuia ili mradi hutoki nje ya njia, unafunga geti ukishapita na mbwa unamshika kwa kamba kwa sababu ya kondoo. Akanisikiliza vizuri. Halafu akasema hodi. Na kila geti alilofungua toka hapo akasema hodi, kuna mzee mmoja mzungu akamjibu "hello" wakasalimiana vizuri tu kila mtu na lugha yake.

Mnapanda taratibu mpaka Hollins Cross, hapo ndo mgongo wa kilima ulipo chini zaidi, jasho linakutoka kidogo lakini sio la kulia. Zamani watu wa Edale hawakuwa na kanisa lao, wakifiwa walibeba jeneza mabegani wanapanda nalo hapo juu na kushuka upande wa pili kwenda kuzika kijiji cha Hope, mpaka karne ya 17 walipojengewa la kwao. Mama aliposikia akageuka kuangalia tulikotoka akasema basi hao walikuwa wanapendana.

Hapo Hollins Cross kama kuna kitu kimoja lazima nikutahadharishe ni upepo. Sio upepo wa kusema "kuna kaupepo", ni upepo unakusukuma mgongoni kama kondakta wa daladala jioni. Chini kituoni tulikuwa na jua, juu huku kanga aliyojitanda mama ilitaka kuondoka ikabidi aifunge kiunoni juu ya jaketi. Bebeni jaketi zisizopitisha upepo hata iwe Julai, na viatu viwe na meno, raba za mjini zinateleza kwenye zile slabu za mawe kukiwa na unyevu.

Lakini sasa ukishasimama sawasawa. Mkono mmoja bonde la Edale, kijani mpaka macho yanauma, kuta za mawe zimekata mashamba vipande vipande na treni inapita ndogo kule chini. Mkono wa pili bonde la Hope na Castleton, na bomba refu la kiwanda cha saruji limesimama peke yake, wengine wanasema linaharibu picha, mimi halinisumbui, watu lazima wafanye kazi. Mama aliuliza swali ambalo sijawahi kusikia mtu akiuliza hapo: "Miti yao imeenda wapi?" Kweli, ukitoka Usambara hiyo ndo kitu ya kwanza unaiona, milima mitupu. Huku misitu ilikatwa toka enzi na enzi, na kondoo hawaachi mche ukue.

Ng'ambo ya Edale kuna mlima mpana umelala, Kinder Scout, mita 636, ndo mrefu kuliko yote Peak District. 24 Aprili 1932 vijana wafanyakazi, wengi wa Manchester, waliupanda kwa makusudi wakati ulikuwa mali ya watu binafsi wa kuwinda ndege na umefungwa, wakaingia kutokea upande wa Hayfield wakiongozwa na kijana wa miaka 20 Benny Rothman, wakashikana na walinzi, 5 wakafungwa jela. Mama: "Jela? Kwa kutembea?" Mashtaka yalikuwa ya fujo na kushikana na walinzi, mama, lakini chanzo ni kutembea. Akakaa kimya kidogo, geti lililofuata akasukuma na kupita bila hodi. Nikamwangalia, akasema hii ishalipiwa.

Kilele chenyewe kina nguzo ya zege ya wapima ramani na foleni ya selfi, msichelewe hapo. Cha kuangalia ni matuta makubwa ya udongo yanayozunguka juu, usipoambiwa unayapita tu, hayo ni boma la watu walioishi huku kama miaka 3,000 iliyopita. Na upande wa mashariki ni genge, udongo unamomonyoka, watoto washikwe mkono, hakuna uzio.

Sasa ile sehemu ambayo kwangu inashinda kilele, na wengi wanaiacha kwa sababu wakishapiga picha wanarudi kwenye gari: barabara iliyovunjika. Shuka upande wa Mam Nick halafu fuata kuelekea pango la Blue John Cavern, mbele yake barabara inaisha kwa geti, pita. Ilikuwa barabara kuu kabisa ya A625, ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 19 ili kukwepa mteremko mkali wa Winnats Pass hapo jirani. Kosa ni kwamba waliipitisha juu ya maporomoko. Mlima huu ndani una tabaka za mwamba laini zinazopishana na za mawe ya mchanga, maji yakiingia ule laini unateleza na kubeba kila kitu, na umekuwa ukifanya hivyo kwa zaidi ya miaka 4,000. Wakawa wanatengeneza, inakatika, wanamwaga lami nyingine, inakatika, mpaka 1979 wakanyoosha mikono wakaifunga moja kwa moja.

Nenda ukasimame pale ilipokatika. Lami imening'inia, pembeni unaona tabaka za matengenezo moja juu ya nyingine, nyeusi, kokoto, nyeusi, kokoto, nimezigusa kwa mkono, na mistari myeupe ya katikati bado ipo inaenda vizuri halafu inazama ghafla inatokea chini urefu wa mtu. Nyasi zimeota kwenye nyufa na kondoo amelala katikati ya lami hana habari. Mama alizunguka pale muda mrefu kuliko kileleni. Barabara ya Lushoto mvua kubwa ikinyesha inafukiwa na udongo, kwa hiyo yeye alikuwa anaangalia kama fundi, akaniambia hawa shida yao maji, wangeyapa maji njia kwanza. Na ndivyo wataalamu wanavyosema pia, kila baada ya mvua nyingi za msimu wa baridi mlima unasogea tena.

Chini kidogo kuna mabaki ya Odin Mine, mgodi wa zamani wa madini ya risasi (lead), bado kuna jiwe kubwa la duara lililokuwa linavutwa na farasi kusagia mawe yenye madini. Dakika 5 zinatosha.

Castleton nitaipitia haraka. Kijiji kizuri, juu yake ngome ya Peveril ya enzi za Wanormani, mnara ni wa 1176, unalipia na ni kupanda tena. Mapango ni mengi, ya Blue John na Treak Cliff ndo yenye lile jiwe la zambarau na njano la Blue John, na Peak Cavern mdomoni mwake watu walisokota kamba kwa karne kadhaa, kama umetembea Tanga kwenye mambo ya katani utafurahi. Kila pango na tiketi yake, chagua moja, ukiingia yote mfuko utalia. Chakula kuweni makini, sehemu hizi baadhi ya chipsi zinakaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, kwa wanaokula halali ulizeni kabla ya kuagiza, hawakasiriki. Chai tulikunywa mahali fulani sipataji, imekuja vuguvugu, maziwa pembeni ya baridi, bei ya sahani ya wali. Mama aliionja akairudisha taratibu akasema asante, na mimi ninayemjua najua hiyo asante ina uzito gani. Nendeni na chupa yenu.

Kurudi sio lazima mpande tena Edale, toka Castleton tembea tambarare mpaka stesheni ya Hope, kama saa moja kwa mwendo wa kawaida, au subiri basi. Angalieni ratiba kabla hamjatoka nyumbani maana treni za vituo vidogo hazifuatani, na mtandao bondeni unakuja na kukatika. Na choo kiko Castleton, juu kule hakuna, jipangeni.