Kusoma umeneja wa steji ukitokea Tabora: chuo kipi kwanza?

Mwaka jana, kwenye mahafali ya shule moja hapa mjini, wacheza ngoma ya hiari ya moyo walipanda jukwaani mgeni rasmi akiwa bado anahutubia. Nani kawaruhusu? Hakuna, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuwaruhusu wala kuwazuia. Mtu huyo ndiye meneja wa steji. Anakaa pembeni na nakala ya mchezo iliyojaa maandishi ya penseli, anamwambia fundi taa "jiandae", kisha "washa". Watazamaji wasipojua kwamba yupo, kaifanya kazi vizuri.

Usihangaike kutafuta kozi yenye jina hilo. Hapa kwetu kazi hii imo ndani ya kozi za sanaa za maonesho.

Namba moja kwangu ni TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Chuo kipo tangu 1981, na kina Tamasha la Bagamoyo: vikundi vingi, jukwaa lilelile, dakika chache za kutoa ngoma hizi na kuingiza zile. Hapo ndipo mtu anapoiva. Kwa astashahada, ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne unatosha kuomba, ila masomo ya dini hayahesabiwi. Kabla ya kulipa uliza: mwanafunzi anasimamia maonesho mangapi, yeye mwenyewe, hadi anamaliza? Ukipewa hadithi ndefu badala ya namba, jibu umeshalipata. Hili kiulize chuo chochote. Na bajeti isiishie kwenye ada: kuna treni hadi Dar, basi la Bagamoyo, chumba, chakula.

Namba mbili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Shahada ni miaka mitatu. Unahitaji prinsipo mbili (ufaulu mkuu wa kidato cha sita) zenye jumla ya pointi 4, na mkopo unaomba Bodi ya Mikopo, HESLB. Nadharia ni nyingi kuliko Bagamoyo, kwa hiyo namshauri anayetaka pia kufundisha au kuongoza michezo ya kuigiza. Kama unachopenda ni nyaya, taa na kupanga watu, utachoka mapema.

Namba tatu itawaudhi wazazi: baki Tabora mwaka mmoja kwanza. Jitolee kwenye jukwaa la Nane Nane pale Ipuli, tamasha la kwaya, harusi. Nunua selotepu, weka alama sakafuni kila kiti na kila maiki inapokaa, ili umeme ukikatika na kurudi kila kitu kiwe mahali pake. Mpwa wangu alianza hivyo, akajaza daftari zima la ratiba na michoro ya majukwaa.

Za mwisho ni kozi za wiki chache za "uratibu wa matukio". Cheti kinang'aa, jukwaa hulioni. Ukikutana na chuo kinachokuahidi stashahada, hakikisha kwanza kimesajiliwa na baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, ndipo utoe hela.