Famasi ya Ngamiani inayouliza kabla ya kuuza

Famasi nyingi za jiji la Tanga zinauza dawa zilezile, kwa bei zinazopishana kidogo tu. Anayetaka kujua ipi ni bora hana budi kuangalia kinachofanyika tangu mteja anapotaja shida yake hadi anapokabidhiwa mfuko wa dawa. Kwa kipimo hicho, famasi moja ndogo ya Ngamiani inazipita nyingine zote ninazozifahamu hapa mjini. Silitaji jina lake, kwa sababu ninachokitathmini ni kazi ya ushauri, na msomaji aliye Moshi au Lindi anayo haki ya kuidai kazi hiyohiyo kwa mfamasia wa mtaani kwake.

Mfamasia wa pale hatoi dawa rafuni kabla hajauliza itatumiwa na nani, mgonjwa ana umri au uzito gani, kama ni mjamzito au ananyonyesha, kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru, na ni dawa gani nyingine anazotumia. Swali la mwisho ndilo ninalolithamini zaidi, kwa kuwa ni wachache wanaoliuliza. Mzee mmoja alifika akitaka diklofenaki kwa ajili ya magoti. "Shikamoo, mzee wangu. Kuna dawa yoyote unayokunywa kila siku?" Mzee akaitikia marahaba, akatoa mfukoni karatasi ya vidonge vya presha. Akaelezwa kwa upole kwamba diklofenaki inaweza kuipandisha presha hiyo anayoitibu, kuchubua tumbo, na kuumiza figo, hasa inapokutana na baadhi ya dawa za presha. Aliondoka na parasetamoli, ambayo ni ya bei ndogo zaidi, pamoja na agizo la kumwona daktari wake wa kliniki iwapo maumivu hayatatulia.

Hata parasetamoli hiyo haikutolewa kimyakimya. Aliambiwa ameze vidonge 2 vya miligramu 500, akae saa 6 kabla ya kurudia, visizidi 8 katika saa 24, na asichanganye na dawa za mafua bila kuuliza, kwa sababu nyingi zina parasetamoli ndani yake. Watu wengi tumeizoea dawa hii kiasi cha kuiona haina madhara, ilhali ikizidi huharibu ini, na dalili zinaweza kuchelewa kwa siku moja au mbili huku madhara yakiendelea.

Maandishi ya kwenye bahasha nayo yanastahili sifa. Katika maduka mengi mteja huandikiwa "1×3" na kuachwa atafsiri mwenyewe, naye humeza kidonge asubuhi, mchana na jioni, kisha hukaa usiku kucha bila dawa mwilini. Hapa bahasha ya dawa ya kila baada ya saa 8 huandikwa saa zenyewe: saa 1 asubuhi, saa 9 alasiri, saa 5 usiku. Kwa dawa mseto ya malaria uangalifu huu ni wa lazima zaidi. Mtu mzima humeza vidonge 4 kwa mara moja, mara 6 ndani ya siku 3, jumla vidonge 24, na dozi ya pili hufuata saa 8 baada ya ile ya kwanza. Aliyeanza saa 2 usiku anapaswa kuamka saa 10 alfajiri, na nimemwona mfamasia akimsubiri kijana mmoja atege kengele ya simu palepale kaunta. Baada ya hapo dozi huwa asubuhi na jioni kwa siku 2 zinazofuata, pamoja na chakula au maziwa, kwa sababu mafuta huisaidia dawa hiyo kuingia mwilini. Akitapika ndani ya nusu saa baada ya kumeza, arudie dozi hiyo.

Ustadi wake huonekana zaidi kwenye dawa za watoto. Amoksilini ya unga huigonga chupa kwanza ili unga uachane na kitako, halafu humwonyesha mama mstari wa kujazia: maji yaliyochemshwa na kupoa, kiasi kidogo, tikisa, kisha ongeza mpaka kwenye mstari. Huandika juu ya chupa tarehe ya kuimwaga kwa kufuata maelezo ya kiwanda, mara nyingi siku 7. Hutoa kijiko cha mililita 5 na kukataza vijiko vya jikoni, ambavyo havilingani nyumba kwa nyumba. Mwisho humwambia, "Haya mama, sasa nifundishe mimi. Ukifika nyumbani utafanyaje?" Mama akikosea, anaelekezwa upya bila kuaibishwa. Hatua hiyo huchukua dakika chache na huwakera walio nyuma kwenye foleni, lakini kwa maoni yangu ndiyo inayomkinga mtoto kuliko maneno yote yaliyotangulia.

Kwa anayetaka vidonge 4 vya "rangi mbili", yaani vidonge vya antibayotiki, ili apunguze kikohozi, jibu ni hapana, hata akibembeleza. Ninamuunga mkono kabisa. Antibayotiki ni dawa za cheti, na nusu dozi isiyo na kipimo huchochea usugu wa vimelea.

Kasoro zipo, na mbili ni nzito. Hakuna faragha hata kidogo: msichana anayeulizia P2, dawa ya dharura ya kuzuia mimba inayofanya kazi vizuri zaidi kadiri inavyomezwa mapema ndani ya saa 72 baada ya kujamiiana, hulazimika kueleza habari zake mbele ya majirani, na wengine huona afadhali waondoke. Pazia na viti viwili pembeni vingetosha. Kasoro ya pili ni kwamba baada ya magharibi mfamasia huwa ameondoka, na msaidizi wake hupokea fedha na kukabidhi dawa bila swali hata moja. Hilo halina udhuru. Mpango wa maduka ya dawa muhimu, ulioanza mkoani Ruvuma mwaka 2003, umesimama juu ya kuwafunza wauzaji wasio wafamasia kutoa dawa na maelezo yake kwa usahihi, hivyo msaidizi huyu naye anafundishika.

Mpaka hapo atakapofundishwa, ningemshauri mwenye dawa ngeni, mwenye mtoto mgonjwa au anayetumia dawa za kila siku afike kabla ya saa 11 jioni, abebe cheti pamoja na vidonge vyote alivyonavyo nyumbani, na aombe kuhudumiwa na mfamasia mwenyewe.