Bomba la bathtabu: pima maji kwanza, miksa utachagua baadaye

Jamani mnaojenga, Mukono, Wakiso, Mbale, kokote mlipo, kabla hujashuka Nabugabo, kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi Kampala, kutafuta bomba la bathtabu, chukua jerikeni la lita 20 ulijaze pale pale bafuni huku unaangalia saa ya simu. Bathtabu ya kawaida inakula kama lita 150, yani majerikeni saba na nusu, kwa hiyo moja likijaa kwa dakika moja na nusu utaingia kuoga baada ya dakika 11 hivi, ila likichukua dakika nne ni nusu saa nzima na maji ya moto yameshapoa.

Shida huwa ni tangi. Kila mita moja tangi linapokaa juu ya bomba inakupa presha ya bar 0.1 tu, kwa hiyo stendi ya mita nne ni bar 0.4, halafu unanunua miksa, yani bomba linalochanganya moto na baridi, iliyoandikwa kwenye boksi kwamba inataka bar 1, hapo maji yatatoka kama mkojo wa mtoto. Soma boksi.

Na tafadhali sana, baridi na moto vitoke kwenye tangi moja. Kwangu fundi aliunga baridi moja kwa moja kwenye mita ya maji, moto ukatoka kwenye hita ya sola inayolishwa na tangi, basi kila tukifungua miksa baridi inausukuma moto unarudi nyuma, hita inachemka huko juu ya bati na mke wangu amesimama na mtoto kwenye taulo anangoja maji yapate hata uvuguvugu. Tulivunja taili sita kurekebisha.

Sasa nikizipanga aina za mabomba kwa nilivyoona, namba moja ni miksa ya ukutani inayokaa nje ya taili, yenye shawa ya mkono. Matundu yake mawili huwa yameachana milimita 150, mkumbushe fundi kabla hajapiga plasta. Ikiharibika unaifungua kwa spana, huvunji kitu. Mdomo wake ukae juu ya ukingo wa bathtabu, usizame kamwe, na shawa ya mkono uitundike usiiache ndani, maana maji ya mita yakikatika bomba linaweza kuvuta yale machafu ya kuoga yakarudi kwenye paipu za kunywa.

Namba mbili watu wanaidharau lakini mimi naitetea, mabomba mawili tofauti, moto lake na baridi lake, ya robo tatu inchi. Kama tangi lako liko chini hii ndiyo ya kwako, inapitisha maji mengi, na washa yake, kile kipira cha ndani, unaipata hata duka la kijijini. Ila kwa mtoto weka baridi kwanza ndio uongeze moto.

Ya tatu ni miksa ya kukaa kwenye ukingo wa bathtabu. Nzuri, lakini acha kimlango pembeni mkono uweze kufika chini, fundi wengi wanaziba kabisa.

Ile ya kufukiwa ukutani inapendeza kweli, mimi naiweka ya nne kwa sababu katriji, kile kiini cha ndani kinachofungua na kuchanganya maji, ikifa na spea yake haipo dukani umeshikwa. Ya mwisho ni ya kusimama sakafuni, inataka paipu zipite kwenye zege kabla halijamwagwa, kwa hiyo kama slabu ishakauka achana nayo.

Dukani usidanganywe na mng'ao. Pima uzito mkononi, halafu chungulia ndani kwenye nyuzi za kufungia paipu ambako kromu haikufika, ukiona njano ni brasi, ukiona kijivu rudisha. Sumaku ikinasa pia rudisha, lakini isiponasa bado hujamaliza kwa sababu hata hiyo ya kijivu hainasi.

Paipu ya kulisha bathtabu iwe ya robo tatu, sio nusu inchi kama ya sinki, na upande wa moto iwe PPR, ile ya plastiki ya kuunga kwa joto, ya ukuta mnene. Siku ya kufunga mwambie fundi afungulie maji kwanza kwenye ndoo mpaka yawe meupe ndio aweke miksa, kwetu ndoo ya kwanza ilitoka na mchanga na vipande vya plastiki vya paipu, hivyo vyote vingeingia kwenye katriji mpya.