Kigunduzi cha rada kwa safari ndefu: uzoefu wangu kutoka Malindi

Nianze na jibu, maana wengi wanaouliza kama wanunue kigunduzi cha rada, yaani kifaa cha kwenye gari kinacholia kikinasa mawimbi ya bunduki ya trafiki ya kupima kasi, wameshachagua kifaa na wamebakisha kulipa tu. Kwa safari za kutoka hapa Malindi, iwe ni kushuka Mombasa na kupanda Nairobi au kuvuka Sabaki kwenda Lamu, kigunduzi cha rada hakirudishi pesa yake. Nimetumia viwili. Kimoja ni cha soko la Marekani, kile kizuri cha kubandika kwenye kioo cha mbele, ambacho huko kwao huuzwa dola 300 hadi 700 kabla hujalipa usafiri na ushuru. Kingine ni kile kidogo cha Kijapani kinachokuja na gari la mtumba, kimenata juu ya dashibodi, kinasema maneno tusiyoyajua. Chenye manufaa kwetu ni hicho cha pili, na manufaa yake hayahusiani na rada.

Kigunduzi kizuri si utapeli, na ni vyema kuelewa kinavyofanya kazi ndipo uone kinaposhindwa. Bunduki ya rada hurusha mawimbi, yanagonga gari, yanarudi, na tofauti kati ya masafa (mitetemo kwa sekunde) yaliyokwenda na yaliyorudi ndiyo inayoonyesha kasi yako. Kwenye bendi ya K, yaani fungu la masafa la kuzunguka gigahezi 24.15, kila kilomita moja kwa saa huleta tofauti ya hezi 44.7 hivi. Gari la kasi 100 linampa askari mlio wa karibu hezi 4,470, sauti nyembamba anayoisikia hata kabla ya kutazama namba. Mawimbi hayo, ili yamfae askari, sharti yaende na yarudi. Ili yakufae wewe, yakifika tu yatosha. Umbali ukiwa mara mbili, nguvu inayokufikia inapungua mara 4, lakini ile inayomrudia yeye inapungua mara 16. Hapo ndipo kigunduzi kinapopata nafasi ya kulia mapema, gari likiwa bado halijasomeka.

Bendi ni tatu: X kwenye 10.525, K kati ya 24.05 na 24.25, na Ka kati ya 33.4 na 36.0, zote gigahezi. Vile vya bei rahisi vilivyoandikwa "bendi 16" vinakuhesabia vipande vya bendi hizohizo, na vingi vyao ni viziwi kwenye Ka. Usihangaike navyo kabisa.

Sasa tatizo lenyewe. Sifa zote unazosoma kuhusu vifaa hivi zimetoka kwenye barabara za Marekani, ambako gari la polisi hutembea rada yake ikiwa imewashwa muda mrefu. Mawimbi yanamwagika barabarani saa nzima, na kigunduzi kinayanusa kutoka mbali. Huku kwetu trafiki anasimama chini. Yuko kando ya mkanju, bunduki mkononi, na haitoi kitu mpaka abonyeze kitufe. Anakuona, anabonyeza, sekunde moja amekwisha kukusoma. Kigunduzi chako kitalia, tena kwa nguvu zote, lakini kitalia sekunde ileile. Kwa kasi ya 100 gari linakula mita 28 kila sekunde. Kabla mguu haujafika kwenye breki, kesi imeshaandikwa.

Ukikitumia muda utajifunza kusikiliza tofauti ya milio. Mlio unaoanza polepole, ti… ti… ti, na mstari mmoja kwenye kioo chake, kisha ukapanda taratibu, ni kitu kinachotoa mawimbi wakati wote. Mlio mfupi wa mara mbili kisha kimya ndio wa kuheshimu: kuna mtu mbele yako ameshapimwa, na mawimbi yamepiga lori au kibao yakakufikia mabaki yake. Huo peke yake ndio unaokusaidia. Kati ya Mtwapa na Kilifi, magari yakiwa mengi, unaweza kuupata. Baada ya Gongoni kuelekea Garsen, ambako unaweza kwenda dakika kadhaa bila gari mbele, wa kwanza kupimwa ni wewe.

Leza ni mbaya zaidi. Haitumii bendi hizo tatu. Ni mwanga usioonekana, urefu wa wimbi nanomita 905 hivi, na mwale wake ni mwembamba mno: kwa umbali wa mita 300 unafikia upana wa mita moja tu, au pungufu. Rada ya mkononi, kwa pembe ya nyuzi 12, kwa umbali huohuo imeshafunika zaidi ya mita 60. Kwa hiyo mawimbi ya rada yanamwagika mpaka kwako hata akilengwa mwingine, lakini mwale wa leza unatua kwenye kibao cha namba au taa ya gari moja, na anayefuata nyuma hapati hata chembe. Kipimo huchukua chini ya nusu sekunde. Kutambua ni rahisi: leza huinuliwa machoni kama darubini, kwa sababu sharti alenge, bunduki ya rada ina uso wa duara na inaweza kushikwa hata usawa wa kifua. Kigunduzi kikilia leza, ni mlio mmoja mrefu bila utangulizi. Usibane breki ghafla wakati huo. Namba imeshapatikana, na basi lililo nyuma yako halina habari.

Halafu kuna kelele za bure, na hizi ndizo zitakazokufanya ukizime kabla ya kufika Mariakani. Milango ya kujifungua ya maduka makubwa na benki hutumia bendi ya K, mingine X. Ukipita Nyali na Mtwapa kifaa hakinyamazi. Magari yenye taa ya onyo kwenye vioo vya pembeni, ya kukwambia kuna gari ubavuni, mengi hutumia gigahezi 24 vilevile, na mapya zaidi yamehamia 77 ambako hayakusumbui. Likikufuata moja la aina ya kwanza, kigunduzi kitalia kilomita nzima. Vifaa vya bei vina kichujio cha kupunguza kelele hizo, lakini kichujio hicho hukawiza onyo kidogo, na sekunde ndiyo mali pekee kifaa hiki kinayokuuzia.

Kama tayari unacho na unataka kukitumia, kifunge ipasavyo. Kiweke juu, karibu na kioo cha kutazama nyuma, kikitazama mbele bila kuinama, kisikingwe na waipa wala ukanda mweusi wa tinti. Kioo cha mbele chenye utando wa chuma wa kuzuia joto kinameza mawimbi. Kama gari lako linacho, tafuta kipande kilichoachwa bila utando karibu na kioo cha kutazama nyuma, la sivyo umebandika pambo. Jua letu la Januari halina huruma: dashibodi ya gari lililoegeshwa juani huvuka nyuzi 70, mpira wa kunata unalegea na kifaa kinaanguka miguuni mwa dereva, pabaya kuliko pote. Futa kioo kwa spiriti, tia mpira kwenye maji ya moto dakika chache urudi umbo lake, ulowanishe kidogo ndipo ubandike. Ukiegesha, kivue.

Chumvi ya bahari nayo hufanya kazi yake kimya. Ncha ya plagi na springi ndani ya tundu la laita hushika ukijani, na dalili yake ni kifaa kujizima na kuwaka upya kila ukipanda tuta. Wengi hulaumu kifaa. Sugua ncha kwa msasa laini, kisha fungua kichwa cha plagi utazame fyuzi ndogo ya kioo iliyomo. Mara nyingi ni ya ampea 2. Usiweke kubwa zaidi. Fundi waya akikuambia akuungie moja kwa moja kwenye betri, kataa. Aunge kwenye laini inayozimika pamoja na ufunguo, yenye fyuzi yake.

Nije kwenye kile cha Kijapani. Ramani yake ya kamera ni ya Japani na haitakusaidia kitu. Lakini ndani mna jipiesi (GPS), kipokezi cha setilaiti, na jipiesi hiyo inaonyesha kasi yako halisi, bila kubahatisha. Njia ya kujua kama kimeshika setilaiti ni saa yake: ikiwa mbele ya saa yetu kwa muda wa masaa 6 kamili, imeshika, maana inahesabu saa za Tokyo. Ingia kwenye menyu, zima milio ya X na K, acha kioo kionyeshe namba ya kasi tu. Kama gari lako halina, simu yenye programu ya ramani inayoonyesha kasi inafanya kazi ileile. Pakua ramani kabla ya kutoka nyumbani kwa ajili ya sehemu zisizo na mtandao.

Kwa nini uhangaike na namba hiyo wakati spidomita ipo? Kwa sababu spidomita hupimwa kwa mzunguko wa tairi. Gari lililotoka kiwandani na 195/65R15 lina tairi ya kipenyo cha milimita 634 hivi. Ukilifunga 215/65R15 ili liinuke kwa ajili ya barabara mbovu, kipenyo kinakuwa 660, ongezeko la asilimia 4. Mshale ukisoma 100, unakwenda 104, kama spidomita ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Kwa kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016, kuzidisha kilomita 1 hadi 5 ni onyo, 6 hadi 10 ni shilingi 500, 11 hadi 15 ni 3,000, na 16 hadi 20 ni 10,000. Dereva anayezidisha kidogo kwa mshale wa 108 penye kikomo cha 100, tairi hizo zinampeleka 112, na kutoka kwenye 500 ameingia kwenye 3,000 bila kujua. Pima mwenyewe: kwenye barabara iliyonyooka kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, shika 80 bila kubadilisha kwa sekunde 30, na abiria, si wewe, asome jipiesi na mshale. Andika tofauti. Rudia kila ukibadilisha tairi.

Kisha weka kengele ya kasi kwenye simu. Gari la binafsi 100 kwenye barabara kuu, 50 kwenye miji na vituo vya biashara. Magari ya abiria na ya mizigo 80, na yana kidhibiti mwendo, kwa hiyo dereva wa matatu asishawishiwe kabisa na kigunduzi. Mahali pa kukamatwa ni pale pale pa 50: Gede, Matsangoni, Kilifi, Vipingo, Kikambala. Na hapo ndipo watoto wanavuka. Kwa lami kavu na breki nzuri, ukiwa 80 gari linahitaji mita 35 kusimama tangu breki zishike. Ukiwa 100, mita 55. Mita hizo 20 za ziada hakuna kifaa kinachozirudisha. Faida ya wakati nayo ni ndogo: Mombasa hadi Nairobi, kilomita 480 hivi, tofauti ya wastani wa 100 na wastani wa 110 ni dakika 26, na kwa malori yaliyoko Mtito Andei wastani huo hata haupatikani.

Njia ya Lamu ina mambo yake. Kutoka Garsen kupitia Witu na Hindi hadi Mokowe shida ni vizuizi vya usalama na mifugo barabarani. Kifaa cha taa nyekundu kinachomemeteka kwenye kioo, mbele ya askari mwenye bunduki ya kweli, kinakuletea maswali na kupekuliwa. Kitoe kabisa. Na msikilize muuzaji wa "jama" ya kuziba rada kwa sikio moja tu: hicho kinarusha mawimbi, na kurusha mawimbi bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ni kosa.

Wanaovuka Lunga Lunga kwenda Tanga na kwingine Tanzania ndio wanaouliza zaidi, kwa sababu ya tochi, kama wenzetu wanavyoiita bunduki ya trafiki ya kupima kasi. Tochi inakaa kwenye vijiji vyenye kibao cha 50, na faini ni shilingi 30,000 za Tanzania. Weka kengele ya simu kwenye 50 ukikiona kibao, na usiongeze mpaka upite kibao cha kukifuta, hata nyumba zikiwa zimekwisha na barabara mbele ni nyeupe. Kibao cha kufuta mara nyingi kiko mbali kuliko nyumba ya mwisho, na tochi iko katikati.