Bodi gani ununue kuwashia taa za vitufe kwenye kabati la gemu nyumbani

Kabla ya kuuliza bei ya bodi yoyote, hesabu vitufe. Kabati la wachezaji wawili, kila mmoja na vitufe sita, ukiongeza cha kuanzia na cha sarafu, lina vitufe 16. Taa za rangi moja zitataka chaneli 16, yaani njia 16 za bodi, kila njia ikiwasha taa moja. Taa za RGB, zenye nyekundu, kijani na bluu ndani ya kitufe kimoja, zinakula chaneli tatu kila moja, jumla 48. Ukiona tangazo la bodi "ya taa 32", hizo 32 ni chaneli. Za RGB zitawaka 10, na mchezaji wa pili atacheza gizani.

Jambo la pili ni kazi ya taa zenyewe. Ziwake tu muda wote? Zibadilike ukibonyeza? Au kompyuta itambue gemu uliyofungua na kuwasha vitufe vinavyotumika peke yake? Nimezipanga bodi hizi nikimfikiria mtu anayejijengea kabati, anayeweza kulehemu waya, na anayenunua vifaa Nairobi au Dar es Salaam.

1. Raspberry Pi Pico na taa za WS2812B

Hii ndiyo chaguo langu la kwanza, na haikaribiwi kwa bei. Pico ilipotoka mwaka 2021 iliuzwa dola 4, na hadi leo ni bodi ya bei ya chini ambayo wauza vifaa vya elektroniki wanayo bila kuagiza Ulaya. Unaipakia programu huria ya GP2040-CE: shikilia kitufe cha BOOTSEL, chomeka USB, buruta faili ndani yake, basi. Bodi hiyo hiyo inasoma vitufe na kuendesha taa, kwa hiyo hununui vitu viwili. Mipangilio yote unaifanyia kwenye kivinjari, ukiwa umeiunganisha na kompyuta.

WS2812B hazihesabiwi kwa chaneli. Kila taa ina chipu yake, na zote zinafuatana kwenye waya mmoja wa data. Faida ni waya chache. Hasara ni kwamba taa moja ikifa, zilizo mbele yake zinaweza kuzimika pia, na utaanza kutafuta mkosaji kitufe kwa kitufe.

Yako mambo ambayo muuzaji hatakutajia. Taa hizi zikilishwa 5V zinataka ishara ya data isiyopungua 3.5V, na Pico inatoa 3.3V. Waya ukiwa mfupi mara nyingi zinakubali, ukirefuka zinaanza kupepesa ovyo. Dawa yake ni chipu ya 74AHCT125 katikati, kitu cha bei ndogo sana. Nunua pia rizista ya omu 330 ya kuweka mwanzoni mwa waya wa data, na kapasita ya maikrofaradi 1000 kwenye njia ya umeme.

Halafu kuna umeme wenyewe. Taa moja ya WS2812B ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote inavuta karibu mA 60. Taa 16 ni mA 960, wakati USB 2.0 inatoa mA 500. Tafuta adapta ya 5V yenye ampea 2 au 3 kwa ajili ya taa peke yake. Waya hasi wa adapta na wa Pico ziunganishwe, chanya zikae mbalimbali. Au shusha mwanga kwenye mipangilio. Kabati liko sebuleni, si lazima limulike mtaa mzima.

Pico moja ni ya mchezaji mmoja, kwa hiyo kwa wawili nunua mbili. Na haijui gemu gani imefunguliwa: inafuata mabonyezo na mapambo uliyoichagulia, basi.

2. PacLED64

Kama unataka kabati lenye akili, anzia hapa. Inatoka kwa Ultimarc wa Uingereza na ina chaneli 64, kwa hiyo zile 48 zetu zinaingia na nafasi inabaki. Mkondo wa umeme inaudhibiti yenyewe, huhitaji rizista kwa kila taa. Ukiiunganisha na programu ya LEDBlinky kwenye kompyuta yenye Windows, ukifungua Street Fighter II vitufe vyote sita vinawaka, ukifungua Pac-Man vya kupigia vinazimika kwa sababu ile ni gemu ya jostiki tu. Mgeni haulizi "nibonyeze wapi". Kwangu hiyo ndiyo sababu pekee ya maana ya kulipia RGB.

Ipo ya pili kwa sababu itabidi uiagize: nauli na ushuru vinaweza kukaribia bei ya bodi. Tena LEDBlinky ni ya Windows, kwa hiyo mwenye kabati linaloendeshwa na Raspberry Pi asiinunue kwa ajili hiyo.

3. I-PAC Ultimate I/O

Ni ya Ultimarc pia: njia 48 za vitufe na chaneli 96 za taa kwenye bodi moja. Kama bado huna bodi ya kusoma vitufe na umeshaamua kuagiza, agiza hii badala ya mbili. Kama unayo, ruka.

4. LED-Wiz

Chaneli 32, kila moja inabeba hadi mA 500. Kwa vitufe vya RGB haitoshi, utahitaji mbili. Nguvu hiyo inawafaa zaidi wanaojenga mashine za pinboli, wanaotaka kuendesha taa kubwa na rilei (swichi zinazowashwa kwa umeme).

5. PacDrive

Chaneli 16, kuwasha na kuzima tu, bila kupunguza mwanga. Kwa taa za rangi moja inatimiza hesabu yetu sawasawa.

6. Seti za Zero Delay zenye taa

Hizi ni bodi ya USB ya kusoma vitufe, pamoja na vitufe vyenyewe. Taa zinachukua 5V za USB na kuwaka muda wote. Nimeiweka mwisho kwa sababu haidhibiti chochote, lakini kama watoto wanataka kucheza wikendi hii, nunua hii na usinisikilize zaidi.

Arduino ya kawaida sikuiorodhesha. Inaweza kazi, ila pini yake isibebeshwe zaidi ya mA 20, na kwa chaneli 48 utaishia kununua transista kibao.

Ukichagua namba 2 hadi 5, nunua taa za RGB zenye mguu wa pamoja wa chanya, yaani anodi ya pamoja, kwa sababu bodi hizo zinavuta upande wa hasi. Za kathodi ya pamoja, yaani mguu wa pamoja wa hasi, hazitawaka. Kwa LED-Wiz na PacDrive ongeza rizista kama taa haina yake: kwa 5V, omu 150 kwa nyekundu na omu 100 kwa bluu au nyeupe. Pima pia ndimi za mikroswichi, ile swichi ndogo iliyo chini ya kitufe, kabla ya kununua viungio vya waya, maana nyingine zina upana wa mm 2.8 na nyingine mm 4.8, na duka moja linaweza kuwa na za aina zote mbili kwenye boksi moja.