Fishman Platinum Pro EQ na Boss OC-5 kwa mpigaji wa besi ya kusimama

Katika taarab asilia ya Zanzibar, besi kubwa ya kusimama haihitaji mitambo mingi ili ifanye kazi yake. Vikundi kama Culture Musical Club huiweka nyuma ya fidla, kanuni, udi na akodioni, na maikrofoni moja iliyosogezwa karibu nayo hutosha. Mambo hubadilika inapoingia kwenye bendi yenye dramu, kinanda na gitaa la umeme, kama wanavyofanya vijana wengi wa visiwani wanaochanganya taarab na jazi, kwa sababu maikrofoni ileile sasa hunasa dramu kuliko besi, na mpigaji hana budi kutumia pikapu, kifaa kinachonasa mtetemo wa chombo chenyewe, na, baada ya pikapu, pedali, kisanduku cha kurekebisha sauti kinachokanyagwa kwa mguu. Tathmini hii inahusu pedali mbili ninazozitumia pamoja jukwaani, Fishman Platinum Pro EQ na Boss OC-5, na niseme mapema kwamba ile isiyokuwa na maajabu yoyote ndiyo iliyostahili pesa zake zaidi.

Pikapu nyingi za besi ya kusimama ni za piezo, yaani kipande kidogo kinachobanwa kwenye daraja, ule ubao uliosimama chini ya nyuzi, na kugeuza mtetemo wa ubao huo kuwa umeme. Umeme huo una masharti yake. Unataka mlango wa kuingilia wenye ukinzani mkubwa sana, angalau megaomu moja (omu milioni moja), na wapo wapigaji wasioridhika mpaka ufike kumi. Ukichomeka pikapu hiyo moja kwa moja kwenye boksi la DI (kiunganishi cha kupeleka sauti ya chombo kwenye mitambo ya ukumbi) la kawaida lisilotumia umeme, ambalo ukinzani wake haufikii hata robo ya megaomu, sauti za chini humezwa na kinachobaki ni mkwaruzo wa vidole na mlio mkavu unaokera masikio. Wapo waliobadilisha pikapu mara kadhaa wakitafuta dawa ya ugonjwa huu, ilhali pikapu haikuwa na kosa lolote.

Fishman imetengenezwa kwa ajili ya kutatua jambo hilo hasa. Ni priampu, yaani kikuza sauti cha awali, ya vyombo vya mbao, yenye mlango unaoipokea piezo bila kuikaba, swichi ya kuchagua gitaa au besi ili virekebishi vyake, yaani vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti nene na nyembamba, vifanye kazi katika masafa yanayofaa, tuna (kipimo cha kulinganisha nyuzi), kompresa (kisawazisha sauti kubwa na ndogo) ya kitufe kimoja, na tundu la DI la kupeleka sauti kwa fundi mitambo. Sauti inayotoka hapo si ya kushangaza, na hiyo ni sifa. Nikikwanyua uzi wa E ulio wazi, nausikia mbao ndani yake, na noti haififii haraka kama inavyofifia ninapochomeka moja kwa moja kwenye amplifaya. Ninapopiga kwa upinde, napunguza kitelezi cha masafa ya juu kabisa, kwani piezo huupokea msuguano wa upinde kwa ukali usiokuwapo chumbani unaposikiliza chombo kwa masikio matupu.

Hata hivyo, kinachoifanya iwe ya lazima ni mngurumo. Mwili wa besi ni sanduku kubwa lililo wazi kwa kila mawimbi yanayotoka kwenye monita, spika zinazowaelekea wanamuziki. Spika hulitikisa sanduku, sanduku huitikisa pikapu, pikapu huilisha spika, na ndani ya sekunde mbili ukumbi mzima unanguruma kwa noti ambayo hakuna aliyeipiga. Besi ya umeme haina shida hii kwa kiasi hicho kwa sababu mwili wake ni mzito na hauna uwazi. Fishman ina silaha tatu, na mpangilio wa kuzitumia una maana yake. Kwanza nageuza swichi ya fezi, ambayo haipunguzi chochote katika sauti ila hubadilisha uhusiano kati ya mtetemo wa spika na ule wa chombo. Mara nyingi hilo peke yake huutuliza mngurumo. Ukibaki, napandisha kikata masafa ya chini taratibu, kwa kuwa noti ya chini kabisa ya chombo hiki, E, ina hezi 41.2 tu, yaani mitetemo 41.2 kwa sekunde, na chochote kilicho chini ya hapo ni vishindo vya jukwaa na miguu ya watu. Kichujio chembamba cha kufuta noti moja inayosumbua nakiacha mwisho, kwani nacho hula kipande cha muziki. Fundi mitambo asiyeizoea besi ya kusimama huanza na hicho cha mwisho, halafu akashangaa kwa nini noti moja ya wimbo imetoweka.

Boss OC-5 ni jambo jingine kabisa. Iliingia sokoni mwaka 2020 katika ukoo wa OC-2 ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ile pedali ya rangi ya kahawia iliyopendwa na wapiga besi, nayo huongeza noti iliyo oktavu moja au mbili chini ya ile unayopiga (oktavu moja chini ni noti ileile kwa nusu ya mitetemo), na safari hii pia oktavu moja juu. Ina hali ya zamani inayofuata noti moja kwa wakati na hali mpya inayoweza kufuata noti kadhaa pamoja. Kwa besi ya kusimama mimi hubaki kwenye hali ya zamani, kwa kuwa sisi hatupigi vishada vya noti, na ile sauti yake nzito, yenye ukali kidogo kama wa sintesaiza, huziba pengo pale kinanda kinaponyamaza.

Lakini hesabu lazima ifanywe kabla ya kuikanyaga. Oktavu moja chini ya uzi wa E ni hezi 20.6, na hakuna spika ya ukumbi wa kawaida inayoweza kuitoa. Itatumia nguvu za amplifaya bure na kuufanya mngurumo urudi. Kwa hiyo oktavu ya chini naitumia kuanzia uzi wa D kwenda juu, kwenye noti ndefu, na kitufe cha sauti asilia nakiacha juu ili mbao zisipotee. Pale chini kabisa inafaa zaidi oktavu ya juu, ikiwa hafifu, kwani humsaidia msikilizaji aliye mbali kuitambua noti.

Jambo lililonifurahisha zaidi linahusu maqam, mifumo ya noti ya muziki wa Kiarabu. Besi ya kusimama haina vigawanyo shingoni, hivyo noti ya tatu ya rasti, mojawapo ya maqam hizo, ambayo hukaa kati ya noti mbili za kinanda, hupatikana kwa kusogeza kidole tu. OC-5 huifuata noti hiyo ilipo, kwa sababu kazi yake ni kugawa mtetemo kwa mbili, haiivuti kwenda kwenye noti ya karibu kama zinavyofanya pedali za kupanga sauti kwa ufunguo maalumu. Tuna ya Fishman, kwa upande wake, itakuonyesha kwamba umekosea. Tumia tuna kwa nyuzi zilizo wazi, halafu isahau.

Kuhusu pedali nyingine sina mengi. Mwangwi unafaa kwa upinde na karibu hakuna kwingine. Kipotosha sauti bila kitufe cha kuchanganya na sauti safi humaliza kabisa uzito wa chombo.

Mpangilio nao uangaliwe. OC-5 ikiwekwa baada ya tundu la kawaida la Fishman, amplifaya yako itapata oktavu ila ukumbi utapata sauti safi, kwa sababu DI inatoka mapema. Nimeiweka kwenye njia ya kutoka na kurudi ya Fishman, yaani matundu ya kupeleka sauti kwenye pedali nyingine na kuirudisha, na swichi ya DI nikaielekeza upande wa baada ya virekebishi. Zote mbili naziweka upande wa mguu wa kulia, kwa kuwa tumbo la besi hufunika sakafu ya mbele na mguu wa kushoto ndio unaobeba mizani.

Umeme wetu ni wa hezi 50, na kwenye ukumbi wenye waya za ardhi zisizoaminika mvumo wake husikika kwenye 50 na 100, jirani kabisa na uzi wa G wenye hezi 98, kiasi kwamba mpigaji anaweza kudhani chombo kimeharibika. Kwenye ukumbi kama huo ni afueni kwamba pedali zote mbili hukubali betri ya volti 9. Fishman ni ghali kuliko OC-5, na anayeweza kununua moja tu kwa sasa aichukue hiyo. OC-5 isubiri mpaka bendi ipate nyimbo zinazoihitaji.